Kabla ya Kufungua Blogu ya Kihunde, Tafuta Mlango wa Kutokea

Katika kitivo chetu, mwanafunzi anayetaka kuandika kwa lugha ya kwao kwenye intaneti huanza na swali lile lile: jukwaa gani ni rahisi, na lipi lina sura nzuri? Nimelisikia kwa wenzangu wa Kihunde, wa Kinyanga na wa Kitembo, na juzi kwa mmoja wa Kikano. Ni swali halali, ila kwa maoni yangu linaulizwa mapema mno. Kwa lugha zinazosemwa Masisi na Walikale, swali la kwanza liwe hili: siku nitakapolazimika kuondoka hapo, nitaondoka na nini?

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe, maana wapo wanaoita blogu chochote kinachoonekana kwenye skrini. Blogu ni mfululizo wa maandishi yenye tarehe, jipya likiwa juu ya la zamani, na kila andiko lina anwani yake. Neno la Kiingereza weblog lilianza kutumika mwaka 1997 na likafupishwa kuwa blog mwaka 1999. Wanablogu wa kwanza wa Kiswahili, akina Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe mwanzoni mwa miaka ya 2000, walijaribu pia kusema "gazeti tando". Mimi nalipenda sana gazeti tando, lakini wasemaji wameshapiga kura yao na blogu imeshinda. Kwa sisi wa isimu, jambo zito katika maelezo hayo ni anwani. Andiko lenye anwani na tarehe linaweza kutajwa, kukaguliwa, kupingwa. Msomaji anaweza kurudi kesho akalikuta.

Linganisha na mahali ambapo Kihunde kinaandikwa zaidi leo, yaani makundi ya WhatsApp. Humo kuna utajiri ambao kamusi zetu hazijaufikia: methali, salamu za misiba, mabishano kuhusu jina sahihi la aina fulani ya ndizi, sauti za wazee waliorekodiwa na wajukuu. Lakini ujumbe ukishapelekwa kutoka kundi moja hadi la pili na la tatu, jina la aliyesema linapotea, tarehe ya kwanza inapotea, na simu ikiibwa au ikijaa, vyote vinakwenda. Nimesoma kazi za kumaliza masomo ambazo chanzo cha mfano muhimu ni "kundi la WhatsApp". Msimamizi afanye nini na chanzo kama hicho? Aombe kuingizwa kwenye kundi?

Sisemi watu waache WhatsApp. Huko ndiko lugha inakoishi, na blogu haitachukua nafasi hiyo. Nasema tu kwamba sebule si ghala.

Hapa Wanyanga wana mfano ambao ningependa tuutazame vizuri zaidi kuliko tunavyofanya darasani. Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck alikuwa kwa Wanyanga pamoja na wasaidizi wake, na mtambaji Shekarisi Rureke akawaimbia, akawasimulia na kuwachezea utendi wa Mwindo kwa siku 12 mpaka maneno yote yakaandikwa. Kitabu kilitoka mwaka 1969 katika University of California Press, kikiwa kimehaririwa na Biebuyck pamoja na mwanaisimu Mkongo Kahombo Mateene, na ndani yake mna matini ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa kawaida tunataja tukio hili ili kujisifia kwamba nasi tuna utendi. Kuna mambo mawili mengine ndani yake.

La kwanza: kwa desturi mtambaji hakuwa akiusimulia utendi wote kwa mfululizo. Alitoa kipande leo na kingine siku nyingine, mbele ya watu walioitikia, waliopiga ngoma, waliotoa zawadi. Anayesema kwamba blogu ni umbo la kigeni kwa fasihi yetu hajafikiria karisi inavyotolewa. Kipande kwa kipande, chenye tarehe, mbele ya watu wanaojibu: mtu wa Walikale hana haja ya kufundishwa hilo na mtu wa California. La pili halifurahishi. Maneno ya Rureke yamebaki kwa sababu yaliwekwa kwenye nakala nyingi, katika maktaba nyingi zilizo mbali na vita. Gharama yake ni kwamba mjukuu wa waliomsikiliza atakipata kitabu hicho kwa urahisi zaidi akiwa Ulaya kuliko akiwa nyumbani. Tukiandika leo tunaweza kuyapata yote mawili, nakala nyingi na ukaribu, lakini tu tukichagua vizuri pa kuandikia.

Mwalimu wetu mmoja, ambaye namheshimu na ambaye hatashangaa kuona nimemjibu hapa, huuliza: nani ataisoma blogu ya Kihunde Masisi, ambako mnara ukizima watu wanapanda kilima kutafuta mtandao? Swali lina uzito. Jibu langu ni kwamba wasomaji wa Kihunde hawako Masisi peke yake tena. Kituo cha Masisi kilitekwa na M23 mapema Januari 2025, Goma ikafuata mwishoni mwa mwezi huo, na mwezi Machi waasi hao wakafika mpaka kituo cha Walikale kabla ya kuondoka Aprili. Kabla ya hapo watu wa Masisi walikuwa wameshajaa kambini pembezoni mwa Goma, na kambi hizo zikavunjwa Februari 2025. Wengine wako Uganda muda mrefu: makazi ya Rwamwanja yalifunguliwa upya mwaka 2012 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao wa Kivu Kaskazini. Wengine wamefika Marekani na Kanada. Watoto wao wanazaliwa mahali ambapo hakuna jirani wa kusahihisha toni zao. Hao wana mtandao. Hawana cha kusoma.

Sasa twende kwenye majukwaa. Kampuni za intaneti hufa au hubadilisha mawazo, na zikifanya hivyo hazimuulizi mtu wa Walikale. GeoCities, iliyokuwa na kurasa za mamilioni ya watu wa kawaida, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999 na kufungwa mwaka 2009. Posterous ilifungwa mwaka 2013. Google+ ilifungwa mwaka 2019. Mwaka huo huo MySpace ilikiri kwamba muziki uliopandishwa kwake katika miaka yake 12 ya mwanzo ulipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Fikiria maana ya hili la mwisho kwa mwandishi wa Katoyi aliyekimbia, akapoteza simu, akakaa miaka miwili bila kuingia kwenye akaunti yake. Kampuni haimfahamu. Kwake huyo ni mtu aliyetelekeza mali.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza, kinachotangulia sura nzuri na urahisi, ni mlango wa kutokea. Je, naweza kwa kubofya mara chache kupakua maandishi yangu yote, pamoja na tarehe na vichwa vyake, katika faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma? Blogger, iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, inaruhusu. WordPress.com inaruhusu pia, na hapa kuna tofauti ambayo wenzangu huichanganya: WordPress.com ni kampuni inayokupa mahali, lakini WordPress yenyewe, iliyotoka Mei 2003, ni programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuisimika kwenye mtambo wake. Maana yake, kampuni ikifa au ikikufukuza, faili lako bado lina pa kwenda. Blogger haina ndugu wa namna hiyo. Ina mwenye mali mmoja. Facebook nayo inakuruhusu kupakua ulichoandika, lakini unachopata ni kifurushi cha kumbukumbu zako binafsi, si kitu unachoweza kukifungua kesho mahali pengine kikasomwa na watu. Medium inapendeza machoni, ila mara kwa mara humtaka msomaji ajiandikishe au alipe. Siwezi kumwambia bibi aliyeko Rwamwanja alipe ili asome hadithi yake mwenyewe.

Mimi ningechagua WordPress.com, mpango wa bure, matangazo yake yakiwemo. Matangazo yanaudhi, nakubali. Lakini nimewasikia wenzangu wakipanga kununua jina lao la tovuti na mpango wa kulipia ili blogu "ionekane ya heshima", na huo kwetu ni mtego. Jina la tovuti linaloishia na .com linagharimu kama dola 12 hivi kwa mwaka. Si pesa nyingi, lakini ni za kila mwaka, na kampuni nyingi za nje zinataka kadi ya benki. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, wangapi kati yetu wanaweza kuapa kwamba watalipa mwakani tarehe ile ile? Ukichelewa, jina linarudi sokoni, na mtu wa mbali anaweza kulinunua akaweka humo matangazo ya kamari. Bora jina refu lisilo na fahari ambalo halihitaji kulipiwa.

Kigezo cha pili ni uzito. Maandishi ya maneno 2,000 ni kama kilobaiti 14. Picha moja ya simu ya kawaida, isiyopunguzwa, inaweza kufika megabaiti 3, yaani uzito wa makala zaidi ya 200 za namna hiyo. Anayenunua mega kwa siku anajua hesabu hii kuliko mimi. Halafu tunachagua kiolezo chenye picha kubwa inayoteleza juu ya ukurasa, herufi zinazoletwa kutoka nje na video inayojiwasha! Kitabu kizima cha kurasa 200, kikiwa maandishi matupu, hakifikishi megabaiti moja. Ukurasa mweupe wenye herufi nyeusi unatosha. Ukiwa na sauti ya mzee, iweke kama kiungo ambacho msomaji atakibofya akitaka.

Kuhusu herufi nitasema machache, ingawa ndiyo fani yetu. Kihunde na Kinyanga ni lugha za toni. Herufi kama á na é zinapatikana kwenye kibodi ya Kifaransa ya simu kwa kubonyeza muda kidogo, basi anayeweza kuweka toni aweke. Asiyeweza aandike bila toni kuliko kutoandika. Nasema hivi nikijua kuna meza katika kitivo hiki ambako nitalaaniwa. Jambo dogo lisilogharimu kitu ni alama ya lugha. Kihunde kina msimbo wake wa kimataifa, hke. Kinyanga ni nyj, Kitembo tbt. WordPress inakuruhusu kuuandika msimbo huo ndani ya HTML ya aya. Bila hiyo mashine hubahatisha, na lugha yenye maandishi machache mtandaoni huhesabiwa kwa urahisi kama Kiswahili kilichoharibika au Kinyarwanda kilichokosewa. Jumla ya kazi ni herufi tatu.

Kigezo cha tatu hakimo katika miongozo ya blogu niliyosoma, na kwetu ndicho kinachoweza kumwaga damu. Nani ana ufunguo wa sanduku la maoni?

Masisi na Walikale, hadithi ya asili si hadithi tu. Simulizi kwamba ukoo fulani ulifika kwenye kilima fulani ukakuta msitu mtupu ni hoja ya ardhi na ya umwami. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi, na swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni lilikuwa katikati yake. Kwa hiyo mwanafunzi anayepandisha simulizi la bibi yake bila kufikiri anaweza kuamka asubuhi na kukuta chini yake maoni mia mbili, nusu yake yakitaja watu kwa kabila na kuwaambia warudi walikotoka. Lugha aliyotaka kuilinda inakuwa kibao cha matusi. Blogu inakupa uwezo wa kuzuia maoni mpaka uyasome, au kuyafunga kabisa. Nashauri kuyafunga kabisa katika mwaka wa kwanza, na kuweka anwani ya barua pepe kwa anayetaka kusahihisha neno.

Tena, hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wa Kihunde waziwazi: Kinyarwanda kinachosemwa Masisi ni lugha ya Masisi. Kina maneno yake, kimeishi karibu na Kihunde na Kiswahili vizazi kadhaa, na mwanaisimu anayekiruka katika orodha ya lugha za teritware hiyo anafanya siasa kisha anaiita fonolojia. Ibara ya kwanza ya Katiba ya 18 Februari 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Lugha nyingine zote za nchi inazihesabu kuwa urithi wa utamaduni wa Kongo ambao dola inapaswa kuulinda. Haikuweka ngazi kati ya hizo nyingine. Nikifungua blogu ya lugha za Masisi, Kinyarwanda cha Bashali kitakuwamo kando ya Kihunde, kila kimoja na alama yake, na Kiswahili chetu cha kila siku kikiwa daraja la muhtasari chini ya kila andiko. Najua kuna watakaokataa kuandika kwa sababu hiyo. Nitawasubiri.

Bado kuna usalama wa mtu mwenyewe. Usiweke jina kamili la msimulizi aliye hai wala kijiji anacholala sasa, hata akikuruhusu, maana anaruhusu akijua hali ya leo. Tarakimu za umri na jina la sekta, Osso-Banyungu au Wanianga, zinatosha kwa msomaji wa isimu. Rekodi kamili ikae kwingine. Picha za simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali zilipopigwa, kwa hiyo zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kwenda kurekodi. Halafu isome sheria. Kongo ina Kanuni ya Dijitali tangu 13 Machi 2023. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, na ada za leseni zikapita shilingi milioni 2 kwa mwanzo. Wanablogu wengi wa huko walizima taa. Na anayedhani intaneti ni kitu cha kudumu akumbuke kwamba baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 serikali yetu iliizima kwa karibu wiki tatu. Ndiyo maana blogu haiwezi kuwa nakala pekee. Kila andiko lipelekwe pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo huhifadhi kurasa za wavuti tangu 1996 na haidai kitu, kisha faili la kila baada ya miezi mitatu lipakuliwe na kuwekwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu mikononi mwa mtu anayekaa mji mwingine.

Tuna pa kuanzia bila kungoja fedha za mradi. Vyumba vya vitivo kama chetu vimejaa kazi za kumaliza masomo zenye viambatisho vya hadithi, methali na nyimbo za Kihunde, Kinyanga, Kitembo na Kikomo, zilizochapwa nakala chache na kufungwa kwa jalada la plastiki. Wengi wa walioziandika wako hai, wana nambari za simu, na wanaweza kutia sahihi karatasi ya ruhusa wiki hii. Napendekeza kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu achapishe upya kiambatisho kimoja, na msimamizi akihesabu kama zoezi la uhariri wa matini. Msimbo wa lugha, tarehe ya kurekodiwa, sekta, jina la mwandishi wa kazi, muhtasari wa Kiswahili. Maoni yafungwe.

Nywila ya blogu isiwe ya mtu mmoja. Iwe na watu wawili hapa kitivoni na wa tatu aliye nje ya jimbo, ambaye kazi yake pekee ni kuingia mara moja kila mwezi ili akaunti isihesabiwe kuwa imetelekezwa, na kupakua lile faili. Huyo wa tatu tunaye tayari. Yuko Kampala na anakisoma Kinyanga kwa shida, lakini anajua kubofya.